Golikipa anatolewa dakika ya 119: nani aliamua, na aliamua lini?

Wamama wenzangu, wengi wenu mnakumbuka siku ya yenga ile, tarehe 16 mwezi wa 11 mwaka 2025. Leopards walikuwa Rabat, kule Moroko, wanacheza na Nigeria. Siku 3 mbele yake walikuwa wameitoa Cameroun kwa bao moja la Chancel Mbemba, lililoingia wakati watu walikuwa wanangoja filimbi ya mwisho. Sasa ilibaki Nigeria. Anayeshinda anaendelea kwenye mchujo wa mabara kutafuta Kombe la Dunia, anayeshindwa anarudi nyumbani.

Nigeria walifunga mapema sana, dakika ya 3, kupitia Frank Onyeka. Meschack Elia akasawazisha dakika ya 32. Kisha hapo hakuna aliyefunga tena, si katika dakika 90, si katika zile 30 za nyongeza. Kila mtu alianza kuona penalti zinakuja. Ndipo, ikiwa imebaki kama dakika moja tu, kocha Sébastien Desabre akafanya jambo lililowashangaza wengi: alimtoa golikipa Lionel Mpasi na kumwingiza Timothy Fayulu.

Katika nyumba nyingi swali lilikuwa moja. Mpasi ana nini? Ameumia? Hapana, hakuumia. Alikuwa anatembea vizuri na alikuwa amecheza vizuri. Alitolewa kwa sababu kocha alitaka mikono mingine kwa ajili ya penalti. Fayulu hakuwa amecheza hata dakika moja ya mechi ile. Aliingia, akasimama katikati ya milingoti miwili, na kisha kazi ikaanza. Penalti ziliendelea, huyu anakosa, yule anafunga, mpaka Fayulu alipozuia mkwaju wa Semi Ajayi. Mbemba akaja na wa kwake, akafunga. 4 kwa 3. Mnajua nyinyi wenyewe vile usiku ule ulikwenda.

Wanaume wameongea sana juu ya bao la Elia na penalti ya Mbemba. Mimi nataka tukae kidogo juu ya lile tendo la dakika ya 119, maana ndani yake kuna mambo ambayo mama yeyote anayeongoza nyumba, likelemba au kikundi anayafahamu kabisa. Kuna kuamua wakati watu wote wanakutazama. Kuna kumtoa mtu ambaye hajakosa kitu. Na kuna lile swali gumu: nani kweli ana ruhusa ya kuamua?

Tuanze na hesabu, kwa sababu watu wanafikiri uamuzi kama ule unazaliwa pale pale, sawa na umeme unapowaka. Katika mpira wa leo kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji 5, na mechi ikifika muda wa nyongeza anaongezewa mmoja. Lakini hawezi kusimamisha mchezo kila anapotaka. Ana nafasi 3 tu za kufanya mabadiliko, ukiacha mapumziko, na katika muda wa nyongeza anapata moja zaidi. Ndiyo kusema kocha anayetaka kubadilisha golikipa dakika ya 119 lazima awe ameweka akiba. Katika zile dakika zote za juu, wakati miguu ya wachezaji inachoka, huyu ameshika paja, yule anaomba atoke, watu jukwaani wanapiga kelele aingize mshambulizi, yeye anabaki na nafasi moja aliyoifunga kwenye ncha ya kikwembe. Mama anayejua kwamba kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi anaelewa. Feza iko, watoto wanaiona, wanaomba maandazi, na yeye anasema hapana bila kueleza sana.

Halafu mtazame ni nani aliyetolewa. Mpasi si mtu wa kupita. Kwenye Kombe la Afrika lililochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, tulipokutana na Misri, mechi ilikwenda mpaka penalti na zikafika zamu ya magolikipa wenyewe. Golikipa wa Misri alipiga mwamba. Mpasi akaweka mpira chini, akapiga, akafunga, 8 kwa 7, Misri wakaenda nyumbani. Mtu mwenye sifa hiyo ya penalti ndiye Desabre alimwambia aje akae kwenye benchi penalti zilipofika. Kama Fayulu angeshindwa kuzuia hata moja, hebu fikiria kesho yake sokoni, kwenye basi, kwenye radio! Kocha angeitwa mwenye kichaa. Pengine angeitwa na jina baya zaidi, maana ni mgeni, Mfaransa, ambaye kabla ya kuja kwetu 2022 aliwahi kuongoza timu ya taifa ya Uganda.

Na Mpasi alitoka. Hapo ndipo mimi nilipomheshimu zaidi. Namba yake ilipoonyeshwa kwenye ubao, alitoka, akampisha mwenzake.

Musifikiri kila golikipa anatoka hivyo. Tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2019, huko London, Chelsea walikuwa wanacheza fainali na Manchester City. Ilikuwa 0 kwa 0, muda wa nyongeza unaisha, penalti ziko mlangoni. Golikipa wa Chelsea, Kepa Arrizabalaga, kijana wa Kihispania aliyenunuliwa kwa feza nyingi kuliko golikipa yeyote wa mbele yake, alikuwa ameanguka na kutibiwa mguu. Kocha wake, Maurizio Sarri, Mwitaliano, akaamua kumtoa. Willy Caballero akavua jaketi, akasimama kando ya mstari. Ubao ukapandishwa. Kepa akaonyesha kidole: hapana, sitoki. Sarri akapiga kelele. Kepa akarudia: sitoki. Mwamuzi akaja kuuliza, na mwishowe Caballero akarudi kukaa. Sarri alikasirika, akaelekea njia ya kwenda vyumbani kama anayeondoka kabisa, kisha akarudi. Ulimwengu mzima ulikuwa unatazama.

Kepa alizuia penalti moja, lakini Chelsea walishindwa 4 kwa 3. Baadaye wote wawili walisema ilikuwa kutoelewana tu: kocha alidhani ameumia, golikipa alitaka kuonyesha kwamba yuko mzima. Inawezekana. Lakini klabu ilimkata mshahara wa juma moja, na katika mechi iliyofuata, juu ya Tottenham, aliyesimama golini alikuwa Caballero. Chelsea walishinda 2 kwa 0.

Nimesikia wamama wakibishana juu ya Kepa. Kuna anayesema kijana alikuwa na haki, anajua mwili wake. Mwingine anasema mtoto akikataa mbele ya wageni, hata kama ana haki, nyumba imevunjika. Mimi niko upande wa huyu wa pili, lakini kwa sehemu tu. Ninajiuliza: walikuwa wameongea mbele ya mechi? Kepa alijua kwamba siku ya penalti anaweza kutolewa? Amri inayomfikia mtu kwa mara ya kwanza wakati watu maelfu wanamtazama ni nzito sana kuipokea.

Juu ya hilo mpira unatupa mifano miwili, na inapingana, ndiyo maana ninaipenda.

Wa kwanza ni wa Louis van Gaal, kocha wa Uholanzi, kwenye Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil. Tarehe 5 mwezi wa 7, katika mji wa Salvador, Uholanzi walicheza na Costa Rica dakika 120 bila bao. Wakati ule kocha alikuwa na mabadiliko 3 tu, mechi nzima, hata ikiongezwa muda. Van Gaal alishikilia la tatu mpaka dakika ya mwisho kabisa, halafu akamtoa Jasper Cillessen na kumweka Tim Krul, mtu mrefu kuliko yeye. Krul alikuwa amefunua vitabu vya wapigaji wa Costa Rica. Alikuwa anawasogelea na kuwaambia anajua watapiga upande gani. Katika mikwaju 5 aliruka upande wa kweli mara zote 5, akazuia miwili, Uholanzi wakashinda 4 kwa 3.

Lakini kuna jambo ambalo si wote walilijua siku ile. Krul alikuwa ameambiwa mapema kwamba anaweza kuingia. Cillessen hakuambiwa. Van Gaal alisema wazi kwamba hawakutaka kumvuruga katika kuitayarisha mechi. Cillessen alipoona namba yake kwenye ubao alikasirika, akapiga teke chupa pale kando, na baadaye akaomba samahani. Siku 4 kisha hapo walikutana na Argentina, nayo ikafika penalti. Safari hii van Gaal alikuwa amemaliza mabadiliko yake yote 3. Cillessen akabaki golini. Argentina walifunga mikwaju yao yote 4, Uholanzi wakatoka. Mtu anaweza kuuliza: golikipa aliyeona juzi tu kwamba kocha wake hamwamini kwa penalti, alisimama pale na moyo gani? Hakuna anayeweza kujua isipokuwa yeye mwenyewe. Ila swali linabaki.

Mfano wa pili unaturudisha Chelsea, kwa yule yule Kepa. Mwaka 2021 kocha alikuwa Mjerumani, Thomas Tuchel, na golikipa wa kwanza alikuwa Édouard Mendy wa Senegal. Tarehe 11 mwezi wa 8, katika mji wa Belfast, walicheza na Villarreal. 1 kwa 1, dakika ya 119 (angalia, namba ile ile ya Rabat), Tuchel akamtoa Mendy na kumwingiza Kepa. Mendy alitoka akipiga makofi, anamtia mwenzake moyo. Kepa akazuia 2, Chelsea wakachukua kombe. Kisha Tuchel akaeleza: walikuwa na hesabu zilizoonyesha kwamba Kepa ni bora kwa penalti, na magolikipa wote wawili walikuwa wameonyeshwa hesabu zile na kuambiwa zamani kwamba siku kama hiyo ikifika itakuwa hivi. Kijana aliyekataa kutoka mwaka 2019 sasa ndiye aliyeingia mahali pa mwingine, na mwingine akampisha kwa kicheko.

Ningeweza kuacha hapo na hadithi ingekuwa tamu. Lakini tarehe 27 mwezi wa 2 mwaka 2022 Tuchel alifanya tena vile vile, fainali na Liverpool. Mendy nje, Kepa ndani. Liverpool walipiga penalti 11 na zote 11 ziliingia. Kepa hakuzuia hata moja, halafu zamu yake ya kupiga ilipofika akapiga juu ya mwamba. 11 kwa 10. Kocha yule yule, hesabu zile zile, golikipa yule yule. Wanaosifu uamuzi kwa kutazama tu nani alibeba kombe watuambie basi: ule wa Belfast ulikuwa wa akili na huu wa London wa ujinga? Mimi naona ulikuwa uamuzi mmoja. Siku moja mpira uliukubali, siku nyingine ukaukataa.

Sasa turudi kwetu, maana sisi Wakongomani tuna hadithi ya golikipa kutolewa ambayo ni ya zamani kuliko hizi zote, na inauma.

Mwaka 1974 timu yetu, wakati inchi inaitwa Zaïre, ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara kufika huko. Mwanzoni mwa mwaka ule walikuwa wamechukua Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, hesabu ambayo hakuna aliyeivuka katika kombe moja mpaka sasa. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia, na yeye mwenyewe alikuwa golikipa zamani, tena golikipa wa kweli, mwenye medali ya zahabu ya michezo ya Olimpiki ya Roma, 1960. Golini alisimama Kazadi Mwamba. Wamama wa Lubumbashi waliozeeka kidogo hawahitaji kuelezwa. Kazadi alikuwa mlinda mlango wa Englebert, Mazembe ya leo, timu iliyobeba kombe la mabingwa wa Afrika 1967 na 1968.

Mechi ya kwanza Scotland walitufunga 2 kwa 0, hakuna aibu. Ya pili ilikuwa na Yugoslavia, tarehe 18 mwezi wa 6, Gelsenkirchen. Wachezaji walisimulia baadaye kwamba walikuwa wameambiwa hawatapata feza walizoahidiwa, na kwamba walikaribia kukataa kucheza. Waliingia uwanjani na roho hiyo. Katika dakika 18 za kwanza walikuwa wamefungwa 3. Dakika ya 21, Kazadi akatolewa. Akaingia Tubilandu. Muda kidogo tu, kabla hata mikono yake haijapata joto, Yugoslavia wakafunga la 4. Kisha Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa ambalo si yeye alilifanya: Mwepu Ilunga ndiye aliyempiga mwamuzi teke. Ilikwisha 9 kwa 0.

Juu ya nini kocha ambaye yeye mwenyewe alikuwa golikipa amtoe golikipa wake dakika ya 21? Watu walinong'ona mengi, hasa kwa kuwa alikuwa Myugoslavia na wapinzani walikuwa ndugu zake. Yeye alisimulia mambo mengine kabisa: kwamba mkubwa mmoja wa wizara ya michezo ndiye aliyemwambia amtoe Kazadi, na kwamba aliapa hatakubali tena serikali iingie katika maamuzi yake. Ndivyo alivyosema yeye.

Kama ni hivyo, basi pale Gelsenkirchen watu walimwona kocha amesimama kando ya uwanja lakini kocha hakuwapo. Aliyeamua alikuwa mtu wa suti, ambaye hakujua Kazadi amelala vipi usiku ule, hakujua walinzi walikuwa wanaachia upande gani, alijua tu kwamba 3 kwa 0 ni aibu na lazima mtu mmoja aonekane ameibeba. Aliyebebeshwa alikuwa Kazadi. Wa pili, na watu wanamsahau, alikuwa Tubilandu, aliyetupwa katika moto bila kutayarishwa. Mechi ya mwisho, na Brazil, Kazadi alirudi golini. 3 kwa 0.

Weka Gelsenkirchen kando ya Rabat. Pande zote mbili golikipa wa Kongo ametolewa na hana jeraha. Lakini mmoja alitolewa kwa hasira na woga, dakika ya 21, mwingine kwa kazi iliyojulikana, dakika ya 119. Na katika ile ya Rabat, kama ingeharibika, tulijua wote ni nani wa kuulizwa.

Hapo kuna neno ambalo wamama wengi wameniambia: ukali si ndio mamlaka? Kocha lazima apige kelele, lazima aogopwe. Mimi sioni hivyo. Tazameni timu ya wanawake ya Mazembe. Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 2024, katika mji wa El Jadida, mabinti wetu waliwashinda AS FAR ya Moroko 1 kwa 0 na kuchukua kombe la mabingwa wa Afrika la wanawake. Kocha wao alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi, tena Mmoroko, anashinda timu ya kwao, katika inchi ya kwao, na jukwaa lote linawaimbia wale wengine. Mwezi uliofuata alichaguliwa kocha bora wa mwaka wa mpira wa wanawake Afrika. Bao moja likiwa limeingia mapema, kazi ya kocha inakuwa kulilinda muda mrefu sana: nani abaki, nani atoke, lini kurudi nyuma, lini kuvuta pumzi. Mabinti wanaotetemeka kwa kumwogopa kocha hawawezi kushika mchezo kwa utulivu muda wote huo.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya niandike haya.

Mama mmoja wa kikundi chetu ana mtoto wa miaka 13, golikipa katika timu ya watoto ya kartie. Sitataja timu wala kartie. Siku ya mashindano walifungwa mabao 2 ya haraka. Mzee aliyewanunulia watoto jezi alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya uwanja. Alimwita kocha kwa kidole, akamnong'oneza. Dakika haikupita, mtoto akatolewa. Hakuelezwa kitu. Alikaa chini nyuma ya benchi, kofia imefunika macho, na mechi ilipoisha alitembea nyumbani peke yake. Juma mbili hakugusa mpira. Bukari alikuwa anakula nusu, anasema ameshiba.

Mama yake hakwenda kupigana. Alingoja. Kocha mwenyewe ndiye aliyekuja, jioni, akakaribishwa kiti. Akasema ukweli: hakutaka kumtoa mtoto, aliambiwa, na jezi ni za yule mzee. Mama akamuuliza swali moja: "Mwanangu, mimi kila siku ya posho ninamwachia nani mtoto wangu, wewe au yule mzee?" Kocha hakujibu, aliinamisha kichwa. Ni kijana wa miaka 20 na kitu, hana mshahara, anafundisha watoto 30 na mipira 2.

Wamama, tuseme kweli, si yule mzee peke yake. Sisi pia tunasimama kando ya uwanja na kupiga kelele. "Mtoe yule!" Yule ni mtoto wa mwenzako, na mwenzako amesimama hatua 3 nyuma yako. Au tunamfuata kocha na sahani ya sambusa ili mtoto wetu aanze mechi. Kisha tunashangaa kocha hana msimamo.

Katika mkutano wa juma lililopita tuliongea juu ya hayo kwa urefu, na hatukukubaliana juu ya kila kitu. Wengine walisema watoto wa umri huu wacheze wote, zamu kwa zamu, hakuna wa kutolewa kwa sababu ya bao. Wengine walisema hapana, mtoto ajifunze mapema kwamba kuna siku utakaa nje. Mimi nimeegemea kwa wa kwanza, kwa watoto wa chini ya miaka 14. Lakini tulipata mambo ambayo wote tuliyainulia mkono. Siku ya mechi kocha ndiye anayeamua, na mzazi mwenye neno amwone kesho yake, si wakati watoto wanasikia. Kocha naye awaambie watoto mbele ya mechi nani anaanza na nani anaweza kutoka. Na mtoto anayetolewa apokewe na mtu pale kando ya mstari, apewe maji, aelezwe kwa maneno 2 juu ya nini.

Kuna mama aliyeuliza: mtoto akirudi nyumbani analia, nimwambie nini? Mzee mmoja wa kikundi, bibi wa wajukuu wengi, akajibu kwamba siku ile usimwambie kitu juu ya mpira. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, mwache alale. Kesho yake umuulize yeye aliona nini uwanjani. Mara nyingi watoto wanaona vizuri kuliko sisi.

Golikipa wetu wa miaka 13 amerudi mazoezini, tangu siku ya posho iliyopita. Jezi bado ni za yule mzee. Wamama 11 wa kikundi wameanza likelemba ndogo ya kununua nyingine, kila mmoja anatoa kidogo kila juma, na mweka hazina ameandika majina kwenye daftari. Wamekwisha kubaliana rangi. Ya golikipa itakuwa tofauti na za wengine, kama inavyotakiwa, na glavu zitanunuliwa pea 2, maana timu ina magolikipa 2.